MALEZI YA VIJANA: MTOTO AKILETA RAI, ASIKILIZWE

Mwezi huu twapenda kunena habari ya watoto na shida za kila siku, nasi twaanza na shida iliyo mlangoni petu.

Hapa Dakawa mpunga hunyweshwa kwa maji ya mto Wami. Masuke yanapoanza kujaa, kweleakwelea hushuka makundi kwa makundi, na hapo watoto hutolewa madrasa na skuli wakaenda kuamia. Tangu alfajiri hata magharibi wako shambani na makombeo na madebe. Mzazi ana haki ya kuogopea chakula chake, kwani shamba likiliwa nyumba nzima hulala na njaa. Lakini mtoto naye ana haki ya ilimu, na majuma aliyoyakosa hayarudi.

Twaona kwamba sehemu ya dawa iko kwa watoto wale wale. Ni nani awajuaye ndege kuliko yeye akaaye nao kutwa? Yeye ndiye aonaye kuwa sanamu ya matambara huwatisha siku chache tu, kisha wakaizoea.

Yuko kijana wa jirani zetu Kenya, Richard Turere, Mmasai wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Alipokuwa na miaka 9 alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakija usiku kuwala. Kwanza aliwasha moto. Kumbe moto ule uliwasaidia simba kuona zizini. Kisha akasimamisha sanamu. Siku ya kwanza simba walirudi. Siku ya pili wakatambua kuwa haisogei, wakaingia. Usiku mmoja alizunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Hapo akafahamu kuwa waogopa mwanga unaotembea. Akatwaa betri kuukuu ya gari, kifaa kinachomwesha taa za pikipiki ikikata kona, balbu za tochi mbovu, na paneli ya umeme wa jua ya kujaza betri. Taa zikaelekezwa nje, zikawaka na kuzimika, simba wakadhani kuna mtu azungukaye. Alikuwa na miaka 11. Bibi mmoja jirani akamwomba amfungie naye, na mwaka 2013, alipoalikwa Marekani kuieleza kazi yake, nyumba 7 za kwao zilikuwa na taa hizo.

Tazameni: alishindwa mara mbili, na kila mara akaangalia sababu iliyomshinda.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Anbiyaa, yataja hukumu ya shamba lililoharibiwa usiku na wanyama wa watu. Wafasiri wasimulia kuwa Nabii Daudi (A.S.) alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Mwanawe Sulaiman, angali kijana, akatoa rai nyingine: mwenye shamba atumie maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Daudi, nabii na mfalme, aliikubali rai ya mwanawe. Sisi ni nani hata tuone haya?

Basi twawausia wazazi na walimu wenzetu mambo matatu. Mtoto akisema ameona jambo, aulizwe ameonaje, asiambiwe nyamaza. Apewe kamba, madebe, nyavu kuukuu na pembe ndogo ya shamba ajaribie, ili akikosea hasara isiwe kubwa. Na kazi ya kuamia iwe kwa zamu baina ya majirani, wengine walinde na wengine wasome, maana fikira bila ilimu haifiki mbali.

Nanyi vijana, msiguse sumu. Andikeni mlilojaribu na lililotokea, mseme kweli hata pale mliposhindwa.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu fahamu, na sisi wazee atupe masikio ya kusikia. Amin.