Hongera, Kichekesho

Filamu ya vichekesho ya Kiswahili imevuka miaka 70, na hakuna aliyeipigia mbiu wala kuikatia keki. Basi yubile yake tunaifanya sisi, tena kutoka Same, mji usiotajwa filamu zinapotajwa. Same ina stendi, ina vibanda umiza, na ina watu wanaojua kucheka. Kwa sherehe hii inatosha.

Tuanze na Rashidi Kawawa. Kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, kabla Watanzania hawajamwita Simba wa Vita, alikuwa stelingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza Muhogo Mchungu, mkasa wa mshamba aliyeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Mshamba huyo hajaondoka mpaka leo. Enzi za Radio Tanzania ndugu zake walikuwa Pwagu na Pwaguzi. Televisheni zilipoanza Bara mwaka 1994, kina Mzee Small wakampa sura. Baadaye akaja kwenye CD za King Majuto, akapita Ze Comedy ya kina Joti na Masanja, na sasa anakaa kwenye simu za vijana wa bodaboda.

Kibanda umiza hakihitaji maelezo kwa aliyewahi kukaa humo. Mabenchi ya mbao bila egemeo, gunia mlangoni badala ya pazia, deki iliyofunikwa kitambaa isiingie vumbi la Same, na ubao nje wenye chaki: saa kumi kichekesho, saa mbili mpira. Ukipanda milimani, umeme ukikatika huja ngurumo ya jenereta, na sauti ya filamu hupandishwa ili iishinde. Ikishindwa pia si hoja. Mtu anapoteleza na ndoo ya maji kichwani, maneno ya nini?

Ukumbi mwingine ni basi. Kutoka Same hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na kwa miaka mingi kazi ya kuzifupisha ilikuwa ya konda na ile televisheni iliyofungwa juu ya dereva. Filamu ya mapigano huwachosha akina mama, ya mapenzi huwatia aibu waliokaa na wakwe. Kichekesho hakimtengi mtu. Gari likiikaribia Hedaru, mzee mwenye koti na mwanafunzi mwenye begi wanacheka pamoja, ingawa hata majina hawajaulizana.

Hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake. Kwetu Upare heshima ni mzigo mzito. Mtoto humwamkia mzee shikamoo, hamkatizi anaposema, wala hamcheki akijikwaa. King Majuto, Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948, alitufungulia mlango. Alivaa uzee wenyewe, na kanzu yake na msuli wake, akaufanya uwe bahili, mwenye tamaa, mwoga wa mke, kisha akaubwaga chini mbele ya wajukuu. Aliyeamkiwa mlangoni na aliyeamkia wakashika mbavu pamoja, na filamu ilipokwisha heshima ilikuwa palepale. Huo ni utani, desturi tuliyokuwa nayo kabla ya skrini yoyote. Mpare anataniwa nchi nzima kwamba atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Anacheka, anaongeza chumvi, kisha anamgeukia jirani yake Mchaga na lake.

Wala si sisi peke yetu tunaopenda kuwacheka wenye makuu wakianguka. Theluji sisi tunaijua ile ya Kibo, ya kutazama kwa mbali, lakini Wamarekani wameitumia kwa vichekesho vya watu wanaoteleza kwa mbao miguuni. Hot Dog… The Movie ilitoka mwaka 1984, na Ski School ikafuata miaka michache baadaye. Wahakiki waliziponda, lakini wapo watazamaji waliozikumbatia. Ukiondoa baridi, hadithi ni ileile: vijana wasio na adabu dhidi ya wenye maringo, na mwenye maringo lazima aanguke.

Wasomi huuliza mafunzo yako wapi. Tunawajibu kwamba kucheka bila kumwogopa mtu ni funzo tosha kwa siku moja. Lakini yubile si siku ya kufunika aibu. Vichekesho vyetu vingi vimemcheka kilema kwa ulemavu wake na kigugumizi kwa ulimi wake, na kofi la mke limegeuzwa bomba la kicheko mara nyingi kupita kiasi. Utani wa kweli humgusa anayeweza kurudisha. Anayechekwa asipoweza kujibu, huo ni uonevu, na mtunzi aliyeishiwa ndiye hukimbilia huko.

Aibu nyingine ni ya kwetu watazamaji. Tulinunua CD zilizorudufiwa uchochoroni kwa bei ya karanga, tukapakua bure kwenye flashi, huku tukidai kuwapenda wasanii. Majuto alipougua, hadi alipofariki Muhimbili Agosti 2018, taifa lilijadili mikataba iliyowaacha wachekeshaji na umaarufu mkubwa na mfuko mdogo. Mjadala huo usizikwe naye.

Kwa hiyo zawadi yetu ya yubile iwe ya vitendo. Mwenye kibanda alipe haki ya filamu anayoonyesha, na halmashauri imtoze kiasi anachoweza, imfundishe sheria badala ya kumvizia. Watunzi wapande huku Mbaga, Chome na Gonja, wasikilize utani wa gulioni, kwani visa vya wajanja wa Kariakoo vimeshatumika mno. Mzee bahili wa Upare mwenye kesi ya kuku bado anasubiri filamu yake, na hapa Same watakaojaza mabenchi wapo tele.