Dogo si mvivu, jamani!

Mliozoea stori za mapenzi hapa mnivumilie, maana wiki hii nina dhambi ya kuungama. Juzijuzi nilimchapa mtoto wa dada yangu kandambili mbili za mgongoni. Kosa lake, bwana, eti daftari chafu.

Dogo yuko darasa la tatu. Mdomo anao! Simba na Yanga wakicheza, kesho yake anakusimulia mechi nzima, nani kakosa goli, nani kala kadi, mpaka wazee wa kijiweni wanaacha bao lao wamsikilize. Sasa mpe penseli. Sentensi moja nusu saa. Herufi hii ndogo kama sisimizi, inayofuata kubwa kama tembo, maneno yamegandana, na "ng'ombe" kapoteza herufi mbili njiani. Siku moja aliandika "baba anapika" akimaanisha dada. Sista alicheka mpaka machozi, akasema hiyo sasa ni ndoto ya mchana.

Mwalimu wake hakucheka. Aliandika kwa wino mwekundu: MVIVU. Nami nikaamini, si unajua wino mwekundu tunauogopa hata tukishamaliza fomu foo. Ndipo kandambili zikafanya kazi. Usiku nikalikuta daftari limefichwa chini ya ndoo ya unga. Nikamuuliza kulikoni. Akaninyooshea mkono: "Anko, vidole vinauma." Kweli, kidole cha kati kilikuwa na bonde jekundu. Anaikaba penseli utadhani inataka kumtoroka.

Aisee, niliishiwa pozi.

Mshikaji wangu mmoja ambaye ni mwalimu ndiye aliyenifumbua macho. Kuna kitu wataalamu wanakiita disgrafia, yaani ugumu wa kuandika, na si dalili ya kukosa akili. Kumbe ukiandika, ubongo unapiga kazi kibao kwa mpigo: kukumbuka umbo la herufi, kupanga sauti, kuongoza vidole, kuacha nafasi, na bado utunge hilo wazo lenyewe. Mtoto wa namna hii nguvu zote zinaishia kwenye herufi, wazo linayeyuka. Kugeuza b kuwa d peke yake kusikupandishe presha, wengi wanaoanza hufanya hivyo. Shida ni pale miaka inakwenda, anafundishwa, na bado. Macho nayo yapimwe, isije kuwa haoni ubao.

Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wanakazania KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi hiyo K ya katikati inaweza kumgomea mtoto ambaye zile mbili nyingine anazimudu fresh.

Sista akaenda shuleni, kistaarabu, bila kugombana. Akaomba dogo ajibu mengine kwa mdomo, aongezewe muda, na asinyimwe mapumziko kwa sababu hajamaliza kunakili. Mwalimu mwanzoni aliguna, na simlaumu sana, darasa limejaa pomoni. Mwishowe kakubali hilo la mdomo. Mengine tutarudi tena. Hospitali kubwa kuna watu wa tiba kwa vitendo, hao ndio mafundi wa mikono ya watoto. KCMC kule Moshi wanawafundisha. Tunajichanga nauli na pesa ya kumwona mmoja.

Nyumbani kazi ni yangu. Tunaanza kwa kuchora herufi kubwa kwa kidole kwenye mchanga, dakika kumi tu, akichoka basi. Penseli nimeikata fupi ili vidole vikae vizuri. Halafu ananisimulia stori, naiandika mimi, yeye anachagua sentensi moja ainakili. Simsahihishi kila kitu, nikianza hivyo anafunga daftari.

Jumamosi alichagua mbili mwenyewe, kuhusu penalti. Kipa alikosa herufi moja lakini goli lilisomeka. Ndoo ya unga sasa ina unga tu, ila nikivua kandambili mlangoni, dogo bado anazitupia jicho.