Kung fu haikungoja watu wenye nafasi

Filamu za Shaolin zimetuaminisha kuwa kung fu ni ya mtawa anayebeba ndoo za maji mlimani tangu alfajiri hadi usiku. Historia ya mijini inasema vingine. Chama cha Jing Wu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1910, kiliwafundisha wakazi wa mji wenye shughuli zao. Ip Man, mwalimu wa mtindo wa kung fu uitwao Wing Chun, naye alipohamia Hong Kong, wanafunzi wake wa mwanzo walitoka katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa, watu ambao saa zao za kazi hazina huruma. Anayesema ataanza kazi zikipungua anajidanganya; hazipungui.

Dakika 15 kila siku zinamfaa anayeanza kuliko saa tatu za Jumamosi moja kwa mwezi, kwa sababu mwili hujifunza kwa kurudia, na magoti yasiyozoea hayapendi kushtukizwa. Siu Nim Tau, mfululizo wa kwanza wa miondoko ya Wing Chun, hufanywa umesimama papo hapo. Nafasi kati ya kitanda na kabati inatosha. Wapo watakaosema mazoezi ya peke yako huzaa makosa. Ni kweli, na ndiyo maana mwalimu hakwepeki: mara moja kwa wiki akurekebishe, siku nyingine urudie alichosahihisha, bila kujiongezea mapya. Kupigana hutajifunza hivyo, kwani kunahitaji mtu wa kukabiliana naye, na hilo lina wakati wake. Lakini msimamo wa farasi, miguu imetanuliwa na magoti yamekunjwa, unaweza kuushika maharage yakichemka.