Samaki Wasiondoke na Maji

Mvua zikikolea kule Moi's Bridge, uliokuwa Hoey's Bridge zamani, Mto Nzoia hujaa, na kidimbwi cha samaki nyumbani vilevile. Maji yakipita juu ya ukingo, ngege huondoka nayo na ukingo humomonyoka.

Dawa ni paipu ya kutolea maji, iwe pana kuliko ya kuingizia. Ipitishe chini ya ukingo. Ndani, ifunge elbo bila gundi, kisha simamisha paipu nyingine, mdomo ukiwa sentimita 30 chini ya kilele cha ukingo. Ukiilaza kidogo, maji hupungua, ukiiinua, hupanda.

Mdomoni funga wavu, uusafishe kila asubuhi. Ukizibwa na majani, kazi yote imekuwa bure.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.