Gugu karoti ling'olewe kwanza kando ya barabara

Kuna gugu ambalo kila mfugaji wa Machakos anapaswa kulijua kwa macho kabla ng'ombe wake hajalijua kwa mdomo. Linapoota hutandaza majani chini, yamekatikakatika kama majani ya karoti. Baada ya wiki chache shina huinuka, likatoa matawi mengi, likamfikia mtu mzima kiunoni au kifuani, na penye maji ya kutosha likampita kimo. Maua yake ni meupe, madogo mno, mengi. Kwa asiyelijua, ni jani la kijani lililonawiri wakati nyasi zimekauka.

Wataalamu huliita parthenium. Wenzetu wa Arusha huliita gugu karoti, nasi tunalifuata jina hilo kwa kuwa anayelisikia hupata picha papo hapo.

Asili yake ni nchi zinazoizunguka Ghuba ya Mexico. Lilionekana India, mjini Pune, katikati ya miaka ya 1950, na sasa limetapakaa karibu nchi nzima ile. Hapa Kenya lilitambuliwa mwaka 1975 katika mashamba ya kahawa ya Kiambu. Ilipofika mwaka 2010 ndipo serikali ilipolitangaza kuwa gugu haramu, chini ya sheria ya kuangamiza magugu hatari, Sura ya 325. Hiyo ni miaka 35. Katika muda huo lilitoka kwenye kahawa likaingia Nairobi na viunga vyake, likafika Naivasha, kandokando ya Ziwa Victoria na Masai Mara. Kwa maafisa wa serikali, basi, gugu hili ni la zamani. Kwa mama wa Yatta au Masinga anayefunga mbuzi wake watatu kando ya lami, ni jipya kabisa kama hajapata mtu wa kumwonyesha.

Sumu yake kuu ni kemikali iitwayo parthenini. Imo kwenye majani, kwenye maua, hata kwenye vinyweleo vya shina. Mnyama anayelila hutokwa na vidonda mdomoni na tumboni, huharisha, ngozi humwasha na kuvimba, manyoya hunyonyoka. Akilila kwa wingi hufa. Watafiti wa India miaka ya 1970 waliwapa ng'ombe na nyati wa kufugwa chakula kilichochanganywa na gugu hili, kuanzia sehemu moja ya kumi hadi nusu ya chakula chote. Kiasi hicho kilitosha kuwaua ndani ya siku 30. Na mnyama anayenusurika humtia mwenyewe hasara vilevile, kwa sababu maziwa yake huwa machungu na nyama hubeba ladha mbaya. Mnunuzi wa maziwa huukataa mkebe na kwenda zake, na mkulima hubaki akijiuliza amekosea wapi.

Binadamu naye hasalimiki. Anayeling'oa kwa mikono mitupu siku baada ya siku hupata upele usiokoma kirahisi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Tunalisema hili mapema kwa sababu kazi ya kupalilia katika kaunti hii hufanywa zaidi na akina mama na watoto waliorudi kutoka shule.

Kwa nini mnyama ale kitu kichungu hivyo? Kwa kawaida hakili. Ng'ombe na mbuzi hulipita wakatafuta nyasi. Lakini gugu hili hutoa ardhini kemikali zinazozuia mimea mingine kuota, hivyo kila msimu nyasi hupungua na lenyewe huongezeka. Kisha huja kiangazi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za nchi, na kila mtu aliona mifugo ikila maboksi na magome ya miti. Mnyama mwenye njaa ya namna hiyo hana nafasi ya kuchagua. Njia nyingine ni marobota ya nyasi yanayonunuliwa kutoka mbali. Gugu likishakatwa, likakauka na kufungwa pamoja na nyasi, ng'ombe hawezi tena kulitenga.

Wakamba, wenyeji wa Machakos, wanaijua sumu ya mimea. Sumu ya mishale itokayo kwenye mti wa kivai iliwafanya wawindaji wa Ukambani wajulikane mbali na kwao. Watoto waliochunga walifunzwa na wazee mti upi mbuzi asiukaribie na mtunguja upi usichezewe. Ujuzi huo ulikusanywa kwa vizazi vingi, kwa hasara ya mifugo mingi. Gugu lililoletwa na magari halikumpa mtu muda huo. Hakuna nyanya anayeweza kumsimulia mjukuu wake habari zake, kwa kuwa hata yeye hakulikuta.

Na kweli huletwa na magari. Mmea mmoja waweza kuzaa zaidi ya mbegu 15,000, nyepesi, zinazonasa kwenye matope ya magurudumu, kwenye kwato, kwenye magunia, kwenye moramu inayochimbwa mahali pamoja na kumwagwa mahali pengine. Mbegu hukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua. Machakos imekaa katikati ya njia. Barabara ya Mombasa inatoka Nairobi na kupita Mlolongo, Athi River na Kyumbi. Ile ya Garissa inatoka Thika na kupita Kithimani na Matuu. Malori hayakomi usiku wala mchana, na kila penye ujenzi udongo umechimbuliwa, jambo ambalo gugu hili hulipenda kuliko lolote.

Sasa angalia ni nani anayechunga kando ya barabara hizo. Ni yule asiye na ardhi ya malisho. Mashamba yamegawanywa kati ya wana na wajukuu hadi yamebaki vipande, na utepe wa nyasi kati ya lami na ua ndio umekuwa malisho ya umma ya watu maskini. Utepe huo si mali yake. Ni wa serikali: barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, nyingine za kaunti.

Hapo ndipo tunapotaka kusema wazi. Sheria inamtaka mwenye ardhi au anayeitumia ang'oe gugu lililotangazwa kuwa haramu, na asipofanya hivyo anaweza kushtakiwa. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini serikali haina haki ya kumpelekea notisi mkulima mwenye ekari moja Mwala ilhali gugu lilelile linachanua kwenye ardhi yake yenyewe, kilomita baada ya kilomita. Aliyelitangaza kuwa haramu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuling'oa, kando ya barabara, viwanjani mwa shule, sokoni, kwenye minada ya mifugo na kwenye machimbo ya moramu. Akimaliza kwake, aje kwa mkulima.

Zaidi ya hayo, kazi inayofanywa sasa kando ya barabara yaweza kuongeza madhara. Wanakandarasi hulipwa kufyeka nyasi, na kufyeka si kung'oa. Gugu karoti likifyekwa huchipuka upya kutoka kwenye kisiki, na likifyekwa limekwisha kuzaa, fyekeo na mashine hutawanya mbegu mbele kwa mbele. Fedha za umma zinaweza kutumika kulisambaza bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Kurekebisha jambo hili hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji mstari mmoja katika mkataba: ling'olewe pamoja na mzizi kabla halijachanua, na wanaoling'oa wapewe glavu, mikono mirefu na kitambaa cha kufunika pua.

Wakati wa kufanya hivyo unajulikana. Mvua ikinyesha, gugu huota mara moja, na baada ya wiki nne hadi sita huanza kuchanua. Kwa Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba, ikifuatwa na ya Machi hadi Mei. Kwa hiyo nafasi ya kulimaliza ni mwezi wa kwanza baada ya ardhi kulowa, udongo ukiwa laini na mzizi ukitoka kwa urahisi. Pakicheleweshwa hadi maua yatoke, kazi huwa mara mbili, kwa sababu lililochanua haliachwi chini wala halitupwi kwenye samadi. Huchomwa au huzikwa palepale. Watu wasilikate kuwa matandiko ya zizi. Wasilipakie kwenye pikipiki kulipeleka kwingine.

Kuna jambo la pili, nalo linatuuma zaidi. Ng'ombe akifa ghafla katika kaunti hii, mara nyingi hakuna anayejua kilichomuua. Watasema ni nyoka. Watasema ni kimeta, au dawa ya kupe iliyozidi kipimo. Baadaye nyama hugawanywa na mjadala huishia hapo. Kimeta hakichezewi: mzoga unaotoa damu puani, mdomoni au nyuma haupasuliwi wala hauliwi. Unaachwa ulivyo, na daktari wa mifugo anaitwa. Lakini kama si kimeta, jibu huenda limo tumboni mwa mnyama na kwenye malisho aliyotoka asubuhi hiyo. Majani yaliyotafunwa hutambulika na mtaalamu. Daktari akichukua sampuli, maabara ya mifugo ya Kabete iko mwendo wa saa chache. Mmea usiojulikana ukikandamizwa katikati ya magazeti pamoja na mzizi, majani na maua, ukaandikwa siku na mahali ulipochumwa, hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Kitaifa pale Nairobi inaweza kuutambua. Kituo cha utafiti cha Katumani kiko papa hapa Machakos. Taasisi zote tunazozihitaji zimetuzunguka. Kinachokosekana ni mtu wa kuubeba ule mmea kutoka bondeni hadi kwenye taasisi hizo, na kulirudisha jibu kwa mwenye ng'ombe.

Jibu hilo lina faida ya moja kwa moja. Chukua lantana, ile yenye maua ya rangi nyingi ambayo watu wameipanda kuwa ua wa boma. Sumu yake huharibu ini, na ng'ombe aliyeila hushindwa kustahimili jua, ngozi ikachunika kama iliyoungua. Mfugaji anayejua humtoa juani upesi, humweka kivulini na kumwita daktari. Asiyejua humfunga palepale uwanjani na kumdunga sindano aliyoinunua dukani, akapoteza fedha na mnyama. Wote wawili wana ng'ombe mmoja, ua mmoja na jua moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliambiwa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti kazi ya kilimo, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo. Kwa hiyo swali hili ni la Machakos, wala haliwezi kupelekwa Nairobi likalalie huko. Barabara kuu ziwe za nani, wanaofiwa na mifugo ni watu wa kaunti hii, na serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kugonga mlango wa wasimamizi wa barabara hadi ufunguliwe.

Watu wa hapa wana kumbukumbu ndefu kuhusu serikali na ng'ombe wao. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kuipunguza mifugo ya Ukambani kwa nguvu. Ilihesabu, ikatia alama, ikachukua. Maelfu ya Wakamba, Muindi Mbingu akiwa mbele, walikwenda Nairobi kumtafuta gavana, wakapiga kambi huko wakikataa kuondoka. Muindi Mbingu alifukuzwa hadi Lamu, lakini serikali ililazimika kurudisha mifugo iliyochukua. Ikiwa miaka ile serikali iliweza kufika kila boma ili kuwachukua ng'ombe, serikali tuliyoichagua wenyewe haiwezi kushindwa kufika kila wadi ili kuwaokoa.

Tumeona pia gharama ya kuchelewa. Mathenge, ambayo ni mti, ililetwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema, ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Ikaziba malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wananchi walipochoka walifungua kesi mwaka 2006 dhidi ya serikali, wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno awe ushahidi. Mathenge ilitangazwa kuwa gugu haramu mwaka 2008, ikiwa imeshaota kila mahali. Hatungependa kumwona mfugaji wa Masinga akipandisha ng'ombe mgonjwa kwenye lori kumpeleka kwa jaji.

Wapo watakaosema tungoje wadudu. Ni kweli kwamba kuna mbawakawa mdogo wa Mexico anayekula majani ya gugu hili. Australia na India zilimwachilia miaka ya 1980, na Ethiopia ilimwachilia mwaka 2016. Tunaunga mkono utafiti huo kwa moyo wote. Ila mbawakawa hupunguza tu nguvu za gugu, tena kwa miaka mingi, na kando ya barabara mbegu zinaanguka mwaka huu.

Kwa hiyo, kabla ya mvua za Oktoba, tunataka serikali ya kaunti itoe hadharani orodha ya barabara, masoko na machimbo yatakayosafishwa, pamoja na tarehe. Tunataka kila wadi iwe na afisa mmoja wa kupokea mmea usiojulikana na taarifa ya mnyama aliyekufa ghafla, na nambari yake ya simu ibandikwe kwenye josho, kwenye mnada na mlangoni mwa ofisi ya chifu. Tunataka picha ya gugu karoti, likiwa bado changa na likiwa limechanua, ipelekwe makanisani, misikitini na shuleni. Na wawakilishi wadi, watakapoletewa makadirio ya fedha, waulize glavu na vibarua wa kung'oa vimetengewa shilingi ngapi, na wasipitishe chochote hadi wajibiwe.