Umeme wa Ulaya na Giza la Baraka: Habari Hizi Zinatuhusu Nini?



Redio inapotangaza habari za Ulaya siku hizi, hazikosi neno la nishati: gesi ya Urusi, mitambo ya upepo baharini, bei ya umeme kwa raia. Mkristo wa Baraka anayelipa ili simu yake ichajiwe kwenye kibanda cha sola, au mama wa Fizi anayepuliza mbabula ya makala kila jioni, ana haki ya kuuliza: mambo hayo yananihusu nini?

Nadhani yanatuhusu kwa njia tatu. Yanagusa bei ya plake za sola tunazonunua sokoni. Yanagusa madini yanayotoka katika udongo wetu, na vita vinavyoyafuata. Tena yana somo la utaratibu ambalo hata kituo cha afya cha kanisa dogo kinalihitaji. Tuyaangalie moja baada ya lingine.

Ulaya inafanya nini?

Mwezi wa pili mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, karibu asilimia 45 ya gesi ambayo Umoja wa Ulaya uliinunua kutoka nje ilikuwa ya Urusi. Kwa maneno mengine, Ulaya ilikuwa inapikia na kuota moto kwa gesi ya mtu ambaye sasa alikuwa anampiga jirani yao. Mwezi wa tano mwaka huohuo, Umoja ulitangaza mpango unaoitwa REPowerEU: kuiacha gesi hiyo, kupunguza matumizi, na kuharakisha umeme wa jua na wa upepo. Mwaka 2023 sheria iliweka lengo kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 42.5 ya nishati yote wanayotumia itoke katika vyanzo visivyokwisha. Mwaka 2024, karibu nusu ya umeme wao, yaani asilimia 47, ulitoka kwa upepo, maji, jua na vyanzo vingine vya namna hiyo.

Lakini kujenga mitambo ni nusu ya kazi. Umeme haukai ndani ya waya kama maji katika mtungi. Kila sekunde, unaozalishwa lazima ulingane na unaotumiwa. Jua huwa kali saa sita mchana, kumbe watu wanarudi nyumbani na kuwasha taa jioni. Huko Ulaya kuna siku ambazo umeme wa mchana unazidi mpaka bei yake sokoni inashuka chini ya sifuri, na usiku uleule mitambo ya gesi inawashwa tena. Ndiyo sababu mabishano yao ya leo yamehamia kwenye mambo manne: waya za kusafirisha, batri za kuhifadhi, mabwawa ambayo maji yake hupandishwa mlimani wakati umeme ni mwingi na kuteremshwa wakati ni mchache, na mapatano ya majirani ya kusaidiana.

Tarehe 28 mwezi wa nne 2025, muda mfupi baada ya saa sita mchana, umeme ulizimika karibu katika Uhispania yote na Ureno yote. Treni zilisimama, simu zikakatika, na ilichukua mpaka alfajiri ya kesho yake kurudisha umeme kwa walio wengi. Wapo waliosema upesi kwamba jua ndilo lenye kosa. Wataalamu walipotoa ripoti mwezi wa kumi, walieleza jambo lingine: volteji ilipanda kupita kipimo, mitambo ikajitoa mmoja baada ya mwingine ili kujilinda, na vifaa vya kuituliza volteji havikutosha. Sisi tunaolisoma andiko la Paulo kwa Wakorintho juu ya mwili na viungo (1 Wakorintho 12) tunalielewa hilo bila kusomea uinjinia. Kila kiungo kilijitunza chenyewe, na mwili ukaanguka.

Mwezi wa pili mwaka huohuo, nchi tatu ndogo, Estonia, Latvia na Lithuania, zilijitoa katika mtandao wa umeme wa Urusi na kujiunga na ule wa Ulaya. Zilitumia miaka mingi na fedha nyingi kwa ajili ya siku hiyo. Zilikuwa zimejua kwamba anayeshika swichi ya taa yako ameshika pia uhuru wako.

Faida ambayo imetufikia

Tuseme kweli kabla ya kulalamika. Mwaka 2000 Ujerumani ilitunga sheria ya kumlipa kwa bei nzuri kila mtu aliyezalisha umeme wa jua. Raia wake ndio waliobeba gharama hiyo katika bili zao. Soko likakua, viwanda vya China vikaingia kwa nguvu, na tangu 2010 bei ya plake za sola imeshuka kwa karibu sehemu tisa katika kumi. Plake iliyoezekwa juu ya duka la dawa huko Baraka, au ile inayochaji taa za wavuvi wa ziwa, ni mtoto wa safari hiyo.

Hata wana wa kwetu wameshika nafasi hiyo. Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikimbia vita vya upande wetu wa ziwa wakiwa watoto, wakalelewa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwaka 2013 walianzisha kampuni ya Altech, inayouza taa na vifaa vya sola hapa Kongo, hata kwa malipo ya kidogo kidogo. Waliojua moshi wa koroboi kambini ndio waliokuja kuuza mwanga. Kwa hiyo mhubiri asisimame mimbarani akasema kwamba kila kitu kinachotoka Ulaya ni wizi. Si kweli, na uongo hauwezi kujenga kanisa.

Sehemu yetu katika mzigo

Hata hivyo, batri hazitengenezwi kwa hewa. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Shaba ya waya inatoka hukohuko. Lithiamu ya Manono, jirani zetu wa kusini, inagombewa na mataifa. Mwezi wa kumi 2023 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi mapatano na Kongo juu ya madini hayo. Mwezi wa pili 2024 ulitia sahihi mapatano mengine na Rwanda, wakati ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilikuwa zimekwisha kueleza jinsi madini ya Kongo yanavyovushwa mpaka kwa njia isiyo halali, na jinsi jeshi la Rwanda linavyowasaidia M23.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mtu yeyote wa Ulaya. Goma ilianguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Familia nyingi zilishuka kuelekea Uvira na Baraka na vitanda vichwani. Bunge la Ulaya lilipiga kura tarehe 13 mwezi wa pili kuomba mapatano na Rwanda yasimamishwe, na mwezi wa tatu Umoja ukaweka vikwazo kwa viongozi wa M23, maofisa wa jeshi la Rwanda na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu huko Kigali. Ni hatua, lakini ilikuja baada ya miji kuanguka.

Tuwe waangalifu pia tusichanganye mambo. Dhahabu ya Misisi haiingii katika plake za sola wala katika batri za magari ya Ulaya. Nyingi ya dhahabu yetu ya mashariki hupitia nchi jirani na kuishia Dubai. Ulaya ina sheria ya madini ya vita, inayofanya kazi tangu 2021, inayogusa dhahabu, kasiteriti, koltani na wolframu, lakini haiwezi kumshika mfanyabiashara asiyeuza kwao. Sheria nyingine, ya batri, ya mwaka 2023, inayadai makampuni yachunguze kobalti na lithiamu yao inatoka wapi na kwa mikono gani. Sharti hilo lilitakiwa kuanza mwezi wa nane 2025. Wamelisogeza mpaka 2027. Mchimbaji anayeshuka shimoni leo hakuulizwa kama anaweza kungoja miaka miwili.

Waya inayopita juu ya vichwa

Lakini si Ulaya peke yake inayopaswa kujibu. Nchi yetu ina Inga I tangu 1972 na Inga II tangu 1982, zenye uwezo wa karibu megawati 1,775, na mto unaoweza kutoa zaidi ya mara ishirini ya hapo. Waya mkubwa ulivutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa 1,700 hivi, ili kulisha migodi. Vijiji vilivyo chini ya waya huo vilibaki na koroboi. Umeme ulipita juu ya vichwa vya watu kwenda kwa madini. Mpaka leo, Wakongo wenye umeme ni kama mmoja kwa watano, na vijijini ni wachache mno.

Kwetu hali ni hiyohiyo. Ruzizi I ilianza mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji, na Ruzizi II ilikuja 1989, ikigawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Waya za Ruzizi zinafika Uvira. Hazijateremka kandokando ya ziwa mpaka Baraka. Sasa kuna mradi wa Ruzizi III, wa megawati 206, ambao Ulaya ni mmoja wa wafadhili wake. Wakati wa kuuliza kama Fizi imo katika ramani ni kabla ya nguzo kusimikwa. Tena, sheria ya umeme ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ilimaliza ukiritimba wa SNEL. Mji, kampuni au ushirika unaweza kuomba ruhusa ya kuzalisha na kuuza umeme, kwa maji ya mto au kwa jua. Huko Goma kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020. Si ndoto.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, tujifunze utaratibu. Vituo vyetu vingi vya afya vina plake na batri zilizotolewa na wafadhili, na nyingi hufa mapema. Mara nyingi sababu ni moja: kila mtu anachomeka, hakuna anayehesabu. Friji ya chanjo, taa ya materinite, simu za jirani, na siku ya ibada sono na gitaa. Usiku mama anajifungua kwa tochi. Ulaya wanalipa mabilioni kujibu swali hilohilo: umeme ukipungua, nani azimiwe kwanza? Kamati ya kanisa ilijibu kwa maandishi na kulibandika ukutani. Materinite na friji visiguswe, sono ingoje. Batri za maji na asidi zisitumiwe kupita nusu ya uwezo wake. Na fedha za kuchaji simu ziwekwe katika sanduku la batri mpya, zisiingie katika sadaka ya jumla.

Yusufu huko Misri (Mwanzo 41) hakuongeza mvua. Aliweka akiba wakati wa wingi, akagawa kwa hesabu wakati wa njaa. Na wale wanawali watano wa Mathayo 25 hawakukosa taa. Walikosa mafuta ya akiba, na saa ya usiku wa manane haikuwa saa ya kukopa.

Pili, tuwaulize viongozi wetu maswali yenye majina. Mbunge wa Fizi, meya wa Baraka, gavana: Ruzizi III itatufikia? Wakala wa serikali wa umeme wa vijijini, ANSER, una mpango gani kwa Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja? Mashauri ya makanisa yanaweza kuandika barua hizo pamoja, bila chama na bila kabila.

Tatu, tuseme na ndugu zetu. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walifika Kivu yapata miaka mia moja iliyopita, na uhusiano huo bado upo. Wanapotuandikia kuuliza tuombewe nini, tusiombe plake tu. Tuwaombe wawaulize wabunge wao kwa nini uchunguzi wa batri umesogezwa, na kwa nini amani ya Kivu haikuwa sharti la kwanza la kila mapatano ya madini. Kubebeana mizigo (Wagalatia 6:2) ni pamoja na mzigo wa kuuliza maswali hayo.

Ulaya itapata mwanga wake, kwa jua au kwa upepo, maana imeamua na ina fedha. Swali lililobaki ni kama mwanga huo utapita tena juu ya vichwa vyetu. Tumwombe Mungu hekima kwa wakubwa wanaotia sahihi, ulinzi kwa wanaochimba, na uaminifu kwetu sisi tulio na batri mbili tu za kutunza. Aliye mwaminifu katika hizo mbili atakuwa na neno la kusema siku nguzo zitakapofika Baraka.

Bwana awabariki.