Gesi ya mnarani ni mali, isichomwe ovyo

Moto unaowaka juu ya mnara wa kiwanda cha kusafisha mafuta una kazi yake: mtambo ukipata hitilafu, gesi huelekezwa huko ikachomwa kabla ya kuleta mlipuko. Lakini mnara unaowaka usiku na mchana bila dharura unateketeza mtaji.

Hasara yenyewe ni mbili. Mvuke hupulizwa kwenye moto huo ili kuzuia moshi. Ukizidi, gesi hutoroka bila kuungua, na mvuke nao umetengenezwa kwa gharama.

Mwaka 2016, kampuni ya Marathon Petroleum ilikubaliana na serikali ya Marekani kutumia dola milioni 319 kufunga mitambo ya kunasa gesi hiyo katika viwanda vyake kwenye majimbo 5. Kompresa huirudisha gesi kiwandani iwe nishati ya matanuri.

Uganda, inayopanga kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku wilayani Hoima, haina budi kudai mitambo hiyo na mita za kupimia gesi tangu kwenye michoro. Kusubiri kuifunga baadaye, uzalishaji ukiwa umesimamishwa, ni ghali zaidi, na mlipaji wa mwisho ni mnunuzi wa mafuta.